Logi Imejaa, na Jego Wanangoja

Alhamisi, Jego. Mawingu yalitanda tangu alfajiri yakatutishia mvua, kisha yakaenda kunyesha upande wa Tanzania na kutuachia fukuto. Nimekaa barazani kwa Bi Mwanasiti, laptopu mapajani, shati limenigandia mgongoni, namngoja binamu yangu Hamisi aje kunichukua kwa pikipiki.

Shajara, leo nitajisifu. Usinikatize. Nikishamaliza nitakwambia na mabaya.

Mimi Sele wa Gazi, niliyeishia kidato cha pili kwa sababu shule ilinichoka kabla mimi sijaichoka, ndiye mkubwa wa mitambo wa mtandao wa vijiji. Sawa, mkubwa wa mitambo ni Dada Mejumaa. Lakini Dada Mejumaa wiki hii yuko Mombasa anamuuguza mamake, kwa hiyo mkubwa ni mimi. Asiyeafiki na apande mnara mwenyewe.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: vijiji vitatu, Gazi, Kikoneni na Jego, vimejijengea mtandao wao wa intaneti. Kila kijiji kilitoa kipande cha ardhi cha kusimamisha mnara na vijana wa kuchimba mashimo. Seva yenyewe iko Msambweni, katika chumba kilicho nyuma ya ofisi ya ushirika. Mwanachama akitaka kuingia anaandika jina lake na neno la siri, na seva inamtazama usoni: inamjua au haimjui. Wenye vyeti wanaiita seva ya saraka. Mimi naiita bawabu. Ndani yake mna hifadhidata yenye majina ya wanachama wote, na ambaye jina lake halimo hapiti, hata akiwa mtoto wa chifu.

Kazi niliyoachiwa ilikuwa moja tu. Niyaingize majina yote, ili leo baada ya swala ya adhuhuri vijiji vyote vitatu viwake kwa pamoja.

Kwa pamoja. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonitoa jasho.

Jego iko huku mwisho, karibu na Vanga, na watu wake wanasema kila kheri huanzia kwa wengine, wao huletewa makombo. Kwenye kikao cha mwisho Bi Mwanasiti, mwenyekiti wao, alisimama, akajitengeneza leso, akasema Jego watatoa mnara wao kwa sharti moja: asiwake mtu kabla yao, hata kwa kitambo cha kunywa chai. Sharti likivunjwa, watauteremsha mnara na kila mtu atarudi kwake. Wote tukakubali. Mimi nilikubali kwa sauti kuliko wote, kwa sababu mahamri yalikuwa yashaletwa na kikao kilikuwa kinayachelewesha.

Jumatatu nilianza kwa mbwembwe. Nikajiambia, wametaka kwa pamoja, nami nitawapa kwa pamoja. Nikayachukua majina ya vijiji vyote nikayafunga katika muamala mmoja. Muamala kwa bawabu si ule wa kutuma pesa. Ni kumwambia, haya yote yaingie, au lisiingie hata moja. Niliona nimetafsiri azimio la kikao kwa lugha ya mashine, na kwa kweli nilijipenda sana dakika ile. Nikabonyeza, nikaegemea kiti, mikono nyuma ya kichwa kama waziri.

Mashine ilifika katikati ikasimama. Ikaandika kwamba nafasi ya logi kwenye memori imejaa. Halafu ikarudisha nyuma kila kitu.

Nikatazama ni majina mangapi yaliyoingia. Hakuna hata langu.

Logi ni hivi. Bawabu haingizi kitu kwenye hifadhidata kabla hajaandika pembeni anachotaka kufanya, ili mambo yakiharibika katikati ajue namna ya kurudi alikotoka. Kwenye mashine za wenzetu, maandishi hayo ya pembeni hukaa kwenye diski. Kwetu hapana. Seva yetu ni kikompyuta cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na diski yake ni kadi ndogo kama ile ya simu. Joto, hewa ya chumvi na kuandikwaandikwa bila kupumzika vimeshatuulia kadi mbili. Ndipo Dada Mejumaa alipoihamishia logi kwenye memori, kadi ipate kupumua. Alifanya la maana. Ila memori ni chumba kidogo, na muamala ukiwa haujakamilika bawabu hathubutu kutupa hata mstari mmoja wa logi, maana huenda akauhitaji kurudi nyuma. Muamala wangu mimi ulibeba vijiji vitatu.

Nikatumia dawa ya wavivu. Nikaiongeza nafasi ya logi, tena si kidogo. Mashine yenyewe memori yake ni ya kubanabana, ikaishiwa pumzi, mfumo ukamuua bawabu mzima mzima, na mimi msimamizi nikafungiwa nje ya seva yangu. Nikazima ukutani, nikawasha. Kosa likawa jipya, la zamani likawa limeondoka. Siku hiyo niliyahesabu hayo kuwa maendeleo, kisha nikairudisha nafasi ya logi ilivyokuwa.

Sasa yanakuja mabaya.

Jumanne nikasema, basi, nitaingiza kijiji kimoja kimoja, haraka haraka, kabla mtu hajapepesa macho. Nikaanza na Gazi. Nilijiambia ni kwa sababu Gazi ndiyo ndogo kuliko zote. Kwa nini nikudanganye wewe, shajara. Nilianza na Gazi kwa sababu ni kwetu.

Gazi ikaingia yote, laini kama mafuta. Furaha ikanipanda kichwani, nikachukua simu, nikaweka kwenye statasi picha ya mnara wetu na maneno, "Gazi tumo ndani, kazi ya Sele hiyo." Kisha nikaigeukia Kikoneni, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, nikijua katika kitambo kidogo nitakuwa nimeimaliza na Jego nimeifikia.

Kikoneni ikagoma. Logi imejaa.

Nikajaribu tena. Imejaa. Kijiji kimoja tu, mashine haina mgeni mwingine, na bado imejaa. Huku nyuma vijana wa Gazi wameshaingia, wanapakia picha za miguu yao ufukweni, Hamisi amempigia kwa video msichana mmoja wa Kikoneni anamtambia kwamba kwao intaneti inatiririka kama bomba. Kwa hiyo Kikoneni wakajua. Na Kikoneni wakijua, Jego nao wamejua.

Simu ya Bi Mwanasiti iliingia kabla ya adhuhuri. Yule bibi hagombi. Angegomba ningefurahi.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mama hajambo? Na watu wa Gazi hawajambo?"

"Hawajambo, bibi."

"Naona. Nimewaona kwenye simu, wamenawiri."

Nikaanza kueleza habari za logi na memori. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa maneno, jambo ambalo halijatokea mara nyingi. Kisha akasema, "Sele, mimi hayo siyajui na sitaki kukuvunjia heshima kwa kujifanya nayajua. Nilichokiomba kilikuwa kitu kimoja. Vijana wangu wameshaleta kamba na spana, wananiuliza wapande au wasubiri. Nimewaambia wasubiri hadi Alhamisi. Nawe siku hiyo usiwashe ukiwa Msambweni. Njoo uwashe hapa, mbele ya macho yetu."

Nikajibu, "Inshallah, bibi."

"Hiyo inshallah ni ya kuja au ya kutokuja?"

"Ya kuja."

Baada ya hapo nilikaa sakafuni kwenye chumba cha seva kwa muda. Mnara wa Jego ukiteremshwa, kule mwisho kutarudi kuwa kule mwisho, na safari hii mkono uliosababisha utakuwa wangu. Nikafuta statasi. Ilikuwa imeshaonwa na dunia nzima.

Nikampigia Dada Mejumaa. Nilikuwa nimejipanga kumwambia kwamba kuna hitilafu ndogo, ya kawaida, isiyo na mwenyewe.

"Nimeiona statasi yako," ndiyo iliyokuwa salamu yake.

"Dada, ile ilikuwa ni—"

"Ilikuwa ni wewe. Haya, kosa limeandikwa nini? Usinisomee kichwa chako, nisomee lililoandikwa."

Nikamsomea. Akaniuliza logi imejazwa na nini. Nikamwambia imejazwa na majina. Akasema majina ni mistari michache, hayawezi kuijaza, nimtazamie kila jina linapoingia kunaandikwa nini kingine. Nikatazama. Na hapo, shajara, nikaona kitu ambacho kama ningekisoma Jumatatu ningeokoa sura yangu.

Tuna kundi moja liitwalo wanachama, na kila ninayemwingiza namtia na kwenye kundi hilo. Kwa bawabu wetu kundi ni kitu kimoja kizima. Ukimwongeza mtu mmoja, analiandika kundi lote upya, na logi inabeba kundi lote upya. Mtu wa kwanza si tatizo. Lakini anayeingia baada ya mamia ya wenzake anawakokota wote nyuma yake kuingia kwenye logi, na anayemfuata anawakokota tena na huyo juu yao. Kikoneni haikujaza logi kwa watu wake. Iliijaza kwa kuwaandika walewale mara mia.

"Basi vunja kundi," akasema Dada Mejumaa. "Kila mtu abebe alama yake ya uanachama kwenye jina lake mwenyewe, na bawabu aitazame alama. Mama ameamka, nakuacha. Na Sele, Gazi izime."

"Nizime kwetu?"

"Izime."

Nikaizima, nikayafuta majina yake yote. Simu ya Hamisi ilikuja mara ileile, akaniuliza kama mnara umeanguka au mimi ndiye nimeanguka. Nikamwambia mimi sasa ni mtu wa watu wote. Akasema watu wote hawakunilea. Aunti zangu wawili nao wakapiga, mmoja akiwa katikati ya kumtazama mjukuu wake aliyeko Uarabuni. Huyo nilimwomba radhi tu, na nikamaanisha.

Bado nilikuwa na fundo moja. Bila lile kundi, majina yangepita, lakini si yote kwa mkupuo. Nilipima: vijiji vitatu katika muamala mmoja bado ni vingi kwa memori yetu. Lazima yaingie kidogo kidogo, na kila baada ya kidogo nikamilishe, bawabu atupe logi ya zamani, nianze tena. Na yakiingia kidogo kidogo, kuna atakayetangulia. Nami nilikuwa nimeshaona akitangulia mtu kunakuwaje. Nilizungushazungusha jambo hilo Jumanne yote, na Jumatano asubuhi nililikuta limenikalia palepale.

Jumatano mchana kulikuwa na hitima nyumbani Gazi, ya jirani yetu aliyefariki. Nilikwenda kwa sababu ni haki ya jirani, na pia kwa sababu nisingeonekana wangesema namkimbia Hamisi. Tukakaa duara duara mikekani. Masinia ya pilau yakaanza kutoka jikoni, mawili mawili, maana waandazi ni wachache na mlango ni mwembamba. Letu lilikuja mapema. Likawekwa mbele yetu limefunikwa kawa, na harufu ikipenya ukindu inakuja kututesa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Si kwetu, si kwa duara lililopata kabla yetu. Tukangoja hadi duara la mwisho kule ukutani likawekewa lake, shehe akamaliza dua, akasema, "Bismillahi, karibuni." Kawa zote zikainuka.

Mimi sikuinua mkono. Hamisi akadhani nimesusa kwa ajili yake.

Masinia hayakuja kwa pamoja. Yalifunuliwa kwa pamoja. Miaka yote nimekula hitima na harusi, na sikuwahi kusikia duara la kwanza likiambiwa limependelewa, kwa kuwa sinia lililofunikwa bado si chakula cha mtu.

Nikala haraka, naapa nilikula, mimi si malaika. Kisha nikarudi Msambweni.

Nikamwekea bawabu sheria moja mpya, mstari mmoja tu: mwenye alama ya uanachama, hata kama jina lake limo, bado asipite. Hiyo ndiyo kawa yangu. Juu ya sheria hiyo nikaanza kuingiza majina, mafungu madogo madogo. Nikayachanganya makusudi, wa Jego akifuatwa na wa Gazi akifuatwa na wa Kikoneni, hata anayetaka kutafuta aliyetangulia achoke. Kila fungu likiisha nakamilisha, naitazama logi ikishuka, nachukua nakala ya hifadhidata kwenye flashi. Hili la nakala sikulidharau. Logi iliyo kwenye memori haina ahadi, stima ikikatika inapotea na yote iliyoyajua. Na stima ya Msambweni mnaijua. Ilikatika kweli, mafungu yakiwa yamepita nusu. Betri ikashika. Mimi nikabaki nimeikumbatia ile betri kama mtoto mchanga, mpaka mlinzi wa ushirika akachungulia akauliza kama niko salama.

Logi haikujaa tena. Hata mara moja. Fungu la mwisho lilipoingia nilijaribu jina langu mwenyewe, bawabu akanikatalia. Sijawahi kufurahi hivyo kukataliwa, nami nimekataliwa na wengi, wengine mko hapa mnasoma.

Leo nimekuja Jego kama nilivyoahidi. Nimewakuta vijana wamekaa chini ya mnara, kamba imeviringishwa, spana zimepangwa juu ya gunia. Hawakunisalimia vibaya wala vizuri. Bi Mwanasiti alikuwa ameshatoa viti. Nikaunganisha laptopu kupitia mnara wao, nikafika kwenye seva kwa ufunguo wa msimamizi, ambao kawa haiuhusu, nikamwonyesha ule mstari mmoja. Nikamweleza kwamba majina yao yamo tangu jana, na ya wengine yamo, na kwamba hakuna aliyepita. Akamwita kijana mmoja ajaribu. Bawabu akamkataa. Akaniambia nimpigie mtu wa Gazi naye ajaribu. Nikampigia Hamisi, naye akakataliwa, akanitukana kidogo kwenye spika mbele ya wazee.

Bi Mwanasiti akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Haya. Funua."

Nikaufuta mstari. Muamala wenyewe ulikuwa mwepesi mno, logi haikutikisika. Simu za Jego zikaanza kulia mikononi mwa watu, moja, halafu nyingine, halafu hazikuhesabika. Hamisi alikuwa bado yuko hewani. "Sele, huku kiduara kinazunguka tu," akasema, na baraza zima likacheka, akina mama wakapiga vigelegele kumsikilizisha. Kisha akasema kimeshika. Mpwa wa Bi Mwanasiti akapiga Kikoneni. Nao wameshika.

Vijana wakaichukua kamba wakairudisha kunakohusika.

Nimekirimiwa muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga mpaka mkanda umenibana. Nilikuwa naanza kutafuta maneno ya statasi mpya, ya unyenyekevu kiasi, Bi Mwanasiti alipokuja kukaa kando yangu.

"Mwanangu, umewasha kwa mstari mmoja."

"Ndiyo, bibi."

"Na ukiurudisha?"

"Wote wanazimika."

"Unaweza kuurudisha kwa Jego peke yake?"

Nikafikiri kumwambia haiwezekani. Inawezekana. "Ninaweza, bibi."

"Na mwenye kuweza ni nani na nani?"

"Mimi na Dada Mejumaa."

"Wewe wa Gazi. Na yeye wa wapi?"

Dada Mejumaa pia ni wa Gazi. Bi Mwanasiti analijua hilo kuliko mimi, amesoma na mamake. Alinipangusa makombo begani, akaenda zake kuangalia kuku.

Statasi nimeiacha. Nimekaa hapa naitazama ile seva ikinitii kila ninachoiambia, mimi peke yangu, na raha yake imepungua. Pikipiki naisikia kwa mbali. Kesho namwambia Dada Mejumaa kwamba tunataka bawabu asiyekubali kukifungia kijiji mpaka kila kijiji kiwe kimetia ufunguo wake. Kufanya hivyo sijui kunaanzia wapi, na huenda nikaijaza logi tena mara kumi nikitafuta.

Nitajua. Kesho yote bado haijaguswa.